Mguu mmoja wa mbawakawa unatosha, lakini hautakuhesabia waliobaki

Mwalimu mmoja wa biolojia, anayefundisha sekondari upande wa Kavumu, Kivu Kusini, mashariki ya Kongo, ameniandikia hivi:

"Wanafunzi wangu walikuta mbawakawa mkubwa mweusi chini ya gogo lililooza, juu ya shamba la zamani la kinkina, ukingoni mwa msitu. Mabawa yake ya juu yameshikana kama kifuniko kimoja, hawezi kuruka. Wazee wanasema zamani walikuwa wengi, siku hizi hata wachoma makala (makaa) hawawaoni. Tunaye huyo mmoja tu, amekufa, tumemhifadhi ndani ya kanyanga. Jamaa mmoja aliyesoma chuo kikuu anasema isomwe jenomu yake ya mitokondria, yaani DNA yote ya vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, ili ithibitike kwamba yuko hatarini kutoweka. Je, itabidi tumsage? Na kweli jenomu hiyo inaweza kuthibitisha jambo hilo?"

Mwalimu, jambo sana. Umeuliza mawili, lakini kabla sijayagusa nakuomba kitu: ukimaliza aya inayofuata, nenda ukamtoe huyo mdudu kwenye kanyanga.

Kanyanga, pombe yetu kali ya kienyeji, ina maji mengi, na ukali wake hubadilika kutoka mtungi hadi mtungi. Mdudu akishakufa, vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe huanza kuikatakata DNA yake, na vimeng'enya hivyo vinahitaji maji ili vifanye kazi. Ndiyo maana sisi wa maabara hutumia ethanoli ya asilimia 95 au zaidi: inafyonza maji na kuvisimamisha. Alkoli ya kusafishia vidonda kwenye maduka ya dawa mara nyingi ni ya asilimia 70. Kwa kidonda ni nzuri, kwa DNA itakayokaa miezi ni dhaifu. Spiriti yenye rangi iache. Formalini iache kabisa, hata ukipewa bure, kwa sababu inaigandisha DNA na protini zikashikana, kisha kuitoa ni taabu. Niliwahi kuletewa chupa ya mbawakawa kumi na wawili, kazi ya wiki tatu za kupanda na kushuka mlima, wote wamezama katika formalini. Kwa macho walikuwa wazima hadi nywele za miguuni. Katika maabara hatukupata hata kipande kimoja kilichosomeka, na nilisikia uchungu sana kumwambia aliyewaleta. Basi wewe, ukipata ethanoli kali, mtie humo, na kesho yake uibadilishe, maana maji ya mwili wake yatakuwa yameipunguza ukali. Ukiikosa, mkaushe: kusanya vile vifuko vidogo vya chembe ngumu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, uviweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mdudu akiwa amefungwa katika karatasi safi. Vifuko vitanyonya unyevu. Frigo si lazima, na kwa jinsi kuranti (umeme) ilivyo kwetu, njia isiyotegemea frigo ndiyo ninayoiamini.

Sasa, kumsaga. Hapana. Usikubali mtu yeyote amsage mbawakawa wa pekee mliye naye. Mguu mmoja unatosha.

Chagua mguu wa kati, wa upande wowote, ili wenzake watano wabaki na ule wa upande wa pili uwepo kwa atakayetaka kutazama umbo. Tunachotafuta kiko kwenye paja, ile sehemu nene karibu na mwili. Humo kuna msuli, na msuli unaotembeza mdudu mzito kutwa nzima unahitaji nguvu nyingi, kwa hiyo seli zake zimejaa mitokondria. Mguu unalazwa ndani ya kijichupa chenye kimiminiko na kimeng'enya kinachoyeyusha protini, kwenye joto la nyuzi 56, usiku kucha. Asubuhi msuli umeyeyuka na gamba la mguu limebaki, jepesi, ukiliinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Gamba hilo huoshwa, hukaushwa, hurudishwa kando ya mwenye mguu. Tumbo lisiguswe hata kidogo. Kama ni dume, viungo vya uzazi vilivyomo ndani ndivyo wataalamu wa mbawakawa hutazama kutenganisha spishi zinazofanana kama mapacha, na anayeviharibu kwa haraka ya DNA amepoteza nusu ya ushahidi.

Kwa nini mitokondria na si jenomu nzima? Kwa sababu ndani ya seli moja jenomu kubwa ya kiini ipo nakala mbili tu, ya baba na ya mama, lakini ile ya mitokondria ipo nakala mamia, wakati mwingine maelfu. Sampuli ikiwa imechakaa, kama hii yako iliyolala kwenye kanyanga, chenye nakala nyingi ndicho kinachosalia. Tena ni fupi. Ya binadamu, iliyosomwa yote mwaka 1981, ina herufi 16,569 za DNA, yaani A, T, C na G. Ya nzi mdogo wa matunda Drosophila yakuba, iliyotolewa mwaka 1985, ina 16,019. Mbawakawa wengi wako humo humo, kati ya 15,000 na 17,000: duara moja lenye jeni 37, yaani 13 za kutengeneza protini, 22 za RNA za kubeba asidi amino na 2 za RNA za ribosomu. Zaidi ya hapo kuna kipande kisicho na jeni, kilichojaa A na T, nitakirudia. Na urithi wake kwa kawaida hupita kwa mama peke yake. Dume analo duara, lakini hawarithishi watoto wake.

Mimi singeanza na duara zima. Ningeanza na kipande kimoja cha jeni iitwayo COI, chenye herufi 658, ambacho tangu mwaka 2003 watafiti wamekuwa wakikitumia kama kitambulisho cha wanyama, na benki za data duniani zina vipande hivyo kwa mamilioni. Ni kazi ya siku chache na gharama ndogo, na inakuambia mapema kama mdudu wako anafanana na aliyekwisha sajiliwa au amesimama peke yake. Lakini 658 kati ya 16,000 ni asilimia 4 tu. Kwa kumtafutia mdudu ndugu yake wa karibu inatosha; kwa kujua tawi lake liliachana na ndugu zake wapi na zamani gani, unataka duara lote.

Njia ninayoipenda kwa sampuli chakavu ni kusoma DNA yote ya mguu ovyoovyo, juujuu, bila kuchagua, kisha kuacha kompyuta iokote ya mitokondria. Inaonekana kama upotevu, lakini piga hesabu na wanafunzi wako ubaoni. Tuseme mashine imetoa herufi bilioni 1, na nusu ya asilimia moja tu ndiyo ya mitokondria. Hizo ni herufi milioni 5. Gawanya kwa duara la 16,000: kila herufi imesomwa zaidi ya mara 300. Ukisoma herufi moja mara 300, kosa la mashine hapa na pale halikudanganyi.

Mashine za namna mbili zinatumika. Kuna zinazosoma vipande vifupi, herufi mia na kitu kila kimoja, kwa usahihi mkubwa. Hizo zinaifaa DNA iliyokatika. Na kuna kile kidude cha MinION, chenye uzito wa gramu mia hivi, kinachochomekwa kwenye kompyuta ya mkononi na kusoma vipande virefu sana. Hiki wengi wetu Kivu tumekisikia kwa sababu ya magonjwa. Aina mpya ya virusi vya mpox iliyoanzia Kamituga ilitambulika mwaka 2024 kwa kusoma jenomu, na watafiti wa Kongo walikuwa mstari wa mbele. Nalitaja hilo kwa sababu bado nakutana na vijana wanaodhani kusoma DNA ni lazima usafiri Ulaya. Maarifa yapo nchini. Kinachotusumbua ni vifaa vya kutumia na kutupa: bamba la kusomea la MinION hugharimu mamia ya dola na linataka kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na hapo tunarudi kwenye kuranti. Kwa mguu wako ningependelea vipande vifupi. Vile virefu ungehitaji mdudu aliyeingia ethanoli akiwa bado hai au dakika chache baada ya kufa.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo watu wanapokata tamaa bure. Usiku mmoja nilikuwa na mwanafunzi wa shahada, kompyuta yake inakula betri kwa kuwa kuranti ilishaondoka, na amekamilisha duara lake la kwanza. Akaiagiza programu itafsiri jeni kuwa protini. Skrini ikajaa alama ya nyota, nyota, nyota, na kila nyota maana yake "simama". Protini ilikuwa inavunjika kila baada ya hatua chache. Kijana akanyamaza, halafu akasema, "Sampuli imekufa." Haikufa. Alikuwa ametumia kamusi isiyo yake. Katika kamusi ya kawaida ya seli, herufi TGA ni amri ya kusimama. Katika mitokondria ya wadudu TGA ni triptofani. ATA, ambayo kwingine ni isolyusini, humo ni methionini. AGA, ambayo kwingine ni arjinini, humo ni serini. Programu nyingi huiita kamusi hiyo jedwali la 5. Tulibadilisha namba moja tu, kutoka 1 kwenda 5, nyota zote zikafutika, na protini ikasomeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Kijana alisimama akazunguka chumba kizima.

Lakini kuna nyota zisizofutika, na hizo uziheshimu. Katika historia ndefu ya viumbe, vipande vya DNA ya mitokondria vimekuwa vikitoroka na kujibandika ndani ya kromosomu za kiini. Huko havina kazi, vinaoza polepole, vinapoteza herufi na kuokota alama za kusimama. Ukikinasa kipande kama hicho ukadhani ni mitokondria halisi, unaweza kutangaza spishi mpya ambayo haipo. Kwa hiyo jeni zote 13 lazima zitafsirike bila kuvunjika katika jedwali la 5. Na jeni ikionekana kuishia na T pekee au TA usishtuke: seli yenyewe huongeza A zilizopungua pale RNA inapokamilishwa.

Kile kipande cha A na T nilichosema kina marudiorudio, mstari uleule mara nyingi mfululizo. Vipande vifupi vikianguka humo havijui vimetoka rudio la ngapi, na kompyuta huyakunja yote yakawa machache. Ndiyo sababu jenomu nyingi za mbawakawa zilizochapishwa zimeandikwa "karibu kamili". Kwa swali lako hilo si pengo la kukunyima usingizi.

Tuje kwenye swali la pili, ambalo ndilo zito. Jenomu ya mitokondria ya mdudu mmoja haiwezi kuthibitisha kwamba spishi iko hatarini. Mtu akikuambia inaweza, amekuahidi kisichokuwamo. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, inauliza mambo mengine: idadi imepungua kwa kasi gani, wanaishi eneo kubwa kiasi gani na limekatika vipi, wakubwa wenye uwezo wa kuzaa wamebaki wangapi. Kwa mfano, ili spishi ihesabiwe kuwa hatarini kwa kigezo cha eneo, upana wa makao yake uwe chini ya kilomita za mraba 5,000, na kwa kawaida bado ionekane kwamba makao yamekatikakatika na yanazidi kupungua. Kwa kigezo cha idadi peke yake, wakubwa wawe chini ya 250. Hakuna mahali panaposema "leta mfuatano wa DNA".

Basi mguu una faida gani? Unajibu swali linalotangulia hayo yote: tunamhesabu nani? Kuna kisa kimoja nakipenda sana, si cha mbawakawa bali cha mdudu-kijiti wa kisiwa cha Lord Howe, Australia. Panya walishuka na meli iliyokwama huko mwaka 1918, na baada ya miaka michache mdudu huyo mkubwa akahesabiwa kuwa ametoweka. Mwaka 2001 wakaonekana wachache juu ya mwamba mkali baharini, Ball's Pyramid, lakini umbo lao lilitofautiana kidogo na wale wa zamani waliochomwa sindano kwenye majumba ya makumbusho. Je, ni yeye au ni mwingine? Mwaka 2017 DNA ya wale wa zamani ilisomwa ikalinganishwa na ya walio hai: tofauti ilikuwa chini ya asilimia 1. Ni yeye. Tangu hapo mpango wa kumrudisha kisiwani ukawa na mguu wa kusimamia.

Kwako swali linageuka hivi. Mdudu asiyeruka akikaa mlimani, bonde la joto kwake ni kama ziwa. Waliopo mlima Kahuzi, wa milima ya Itombwe, wa msitu wa Nyungwe upande wa Rwanda na wa Kibira kule Burundi wanaweza kuwa spishi moja iliyotawanyika, au koo kadhaa ambazo hazijakutana kwa muda mrefu sana. Tuseme duara la Kahuzi na la Itombwe yatofautiane kwa asilimia 3. Kwa kipimo cha zamani cha wadudu, asilimia 2.3 kwa kila miaka milioni, waliachana kama miaka milioni 1.3 iliyopita. Kwa kipimo cha COI kilichopatikana mwaka 2010 kutoka mbawakawa wa visiwa vya bahari ya Aegean, asilimia 3.54, ni kama miaka laki 8 na nusu. Unaona saa hizo hazikubaliani, lakini zote zinasema jambo moja: wa Kahuzi wakiisha, hakuna wa Itombwe atakayejaza pengo lao. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ina kilomita za mraba 6,000, lakini sehemu kubwa ni msitu wa chini. Sehemu ya mlimani ni ndogo, na ndiyo iliyo karibu na mashamba yetu na tanuri zetu za makala. Gogo lililooza ambalo mdudu wako anahitaji ndilo gogo ambalo mtu mwenye sufuria jikoni analihitaji pia.

Nakuonya juu ya hitimisho moja linalovutia. Ukikusanya miguu kumi ukakuta maduara yote yanafanana, usiseme haraka "wamepungua, wamezaliana ndugu kwa ndugu". Wadudu wengi wana bakteria waitwao Wolbachia, wanaorithiwa kwa mama kama mitokondria. Bakteria hao wakienea, duara la mama mmoja mwenye bahati huenea nao na kufuta mengine, hata kama wadudu ni maelfu. Kabla ya kulia juu ya ufanano, pima Wolbachia, na usome jeni kadhaa za kiini.

Miguu kumi itatoka wapi bila kuwamaliza tunaotaka kuwalinda? Tafuta kwanza waliokufa: mabawa magumu chini ya magogo, mabaki kwenye vinyesi vya ndege na wanyama. Kwa walio hai, hukatwa kipande kidogo cha mguu au ncha ya kipapasio, na mdudu akaachiliwa palepale. Ukitega, tumia makopo yaliyofukiwa sawasawa na udongo, makavu, yenye majani ndani, na uyakague kila asubuhi bila kukosa siku. Makopo 20, usiku uleule wa kila mwezi, mahali palepale: hiyo ndiyo hesabu ambayo jenomu haikupi, na wanafunzi wako wanaweza kuifanya vizuri kuliko mimi. Ukivuka mpaka wa hifadhi ni lazima kibali cha ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi, kiwe mfukoni, na sampuli ikitoka nchini ina karatasi zake; anza nazo mapema.

Wazee nao wahojiwe kwa daftari, si kwa maongezi ya kupita. Usiulize mwaka. Uliza walikuwepo kabla ya wakimbizi wa Rwanda wa 1994? Baada ya vita ya 1996? Bonde gani, msimu wa mvua au kiangazi, chini ya mti gani? Na mwandikie mtunzaji wa wadudu wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ambako mamilioni ya wadudu wa Kongo wamelala kwenye droo tangu enzi za ukoloni. Pengine yuko humo wa kwako, na lebo yenye tarehe na jina la kilima. DNA yake itakuwa imevunjika vipande vifupi, lakini vya mitokondria husomeka. Wakati huo utakuwa na wa zamani na wa leo mezani pamoja.

Mahali hasa mlipomkuta msipaweke mtandaoni. Afrika Kusini ina mbawakawa wa jenasi Colophon, weusi, wasioruka, kila spishi na kilele chake katika milima ya Western Cape, na wapenda-mkusanyo waliwaandama hadi nchi ikawaingiza katika Kiambatisho cha III cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kilima chako mwambie mtafiti kwa mdomo.

Sasa kata kikaratasi kigumu, kidogo kama kucha ya dole gumba. Andika kijiji, kilima, kimo kutoka usawa wa bahari kama simu yako inakionyesha, tarehe, "chini ya gogo lililooza", na majina ya wanafunzi waliomkuta. Ongeza "siku kadhaa ndani ya kanyanga, kisha ethanoli", maana atakayesoma DNA yake atataka kujua. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka ndani ya ethanoli. Kikaratasi kiingie ndani ya chupa pamoja na mdudu, si kubandikwa nje. Ukipata mtu wa kuaminika anayeshuka Bukavu, nitumie mguu wa kati peke yake, na nakala ya kikaratasi hicho. Mwili ubaki shuleni kwenu.